Ajali Imekwisha, Mwili Bado Uko Barabarani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza pa kuanzia baada ya jambo zito: ajali, uvamizi, mateso ya ughaibuni, vita. Tumechagua tano. Majina tumeyaacha na baadhi ya barua tumezifupisha. Wanaojibu ni mwanasaikolojia tiba na muuguzi wa afya ya akili.

Sipandi tena basi

*Miezi mitano iliyopita basi nililopanda kutoka Dar es Salaam lilipinduka tukiwa tumeshapita Chalinze. Mimi nilivunjika mkono tu, lakini abiria niliyeketi naye alifariki. Tangu siku hiyo sipandi gari. Mzigo wa duka naufuata Kariakoo kwa treni ya SGR. Nyumbani hadi stesheni naenda kwa baiskeli. Nikisikia basi likitoa upepo wa breki, moyo unakwenda mbio na jasho linanitoka. Mwezi uliopita nilishindwa kwenda kumzika shangazi Iringa kwa sababu huko treni hiyo haifiki. Ndugu wananiambia yaliyopita si ndwele. Nifanyeje? — Msomaji, Morogoro*

Pole sana, kaka. Ndugu zako wanakutakia mema, ila methali inayokuhusu ni ile nyingine: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe unajua kwamba ajali ilikwisha. Sehemu ya ubongo inayolinda uhai haijui. Ilinasa mlio wa breki, harufu ya dizeli na mtikisiko wa siti vikiwa vimefungamana na kifo, na sasa kimoja kikijitokeza inapiga king'ora. Katika wiki nne za mwanzo hali hiyo ni ya kawaida, na kwa wengi hutulia yenyewe. Ikivuka mwezi, na ikawa inakuzuia kazi na mazishi, haitakiwi kusubiriwa tena. Yako ina miezi mitano.

Kinachoilisha ni kukwepa. Treni hatuna ugomvi nayo, lakini kila unapoipanda kwa sababu ya hofu, mwili unahesabu kwamba umepona kwa kuwa hukupanda basi. Itabidi urudi, ngazi kwa ngazi.

Kwanza jibu hili: siku ya ajali uligonga kichwa? Kama una maumivu ya kichwa yasiyoisha, kizunguzungu au kusahausahau, mwone daktari kabla ya lolote. Mtikisiko wa ubongo na kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio zito kama lako, hufanana sana kwa dalili, na mtu anaweza kupoteza miezi akitibu kisichomuuma.

Kisha chukua daftari. Andika yote unayoyakwepa, kila moja ulipe alama ya hofu, kuanzia 0 (umetulia kabisa) hadi 100 (hofu isiyo na mfano). Yapange kutoka chini kwenda juu. Kwa mtu wa Morogoro ngazi yaweza kuwa hivi: kusikiliza mlio wa basi kwenye simu ukiwa sebuleni, 25, kusimama stendi ya Msamvu karibu na mabasi yanayonguruma, 40, kupanda basi linalosubiri zamu na kuketi, 50, daladala vituo viwili ukiwa na mwenzako, 55, ruti nzima ya daladala peke yako, 65, gari la Mikese kwenda na kurudi, 80, kufika Chalinze kwa kupita palepale, 90, na Iringa, pamoja na kona za Kitonga, 100. Alama zako zitakuwa nyingine. Pengo kati ya hatua na hatua likizidi 15 hivi, tafuta kitu cha kuweka katikati.

Anza na kinachokutisha kiasi, mahali fulani kati ya 25 na 40. Kabla hujaondoka nyumbani andika sentensi moja tu: unaamini nini kitakupata? "Nitazimia Msamvu." "Moyo utasimama." Ukifika, kaa, na kila baada ya dakika 10 andika alama ya hofu. Mara nyingi itapanda, ifike kileleni, kisha ianze kushuka bila wewe kuifanya lolote, kwa kuwa mwili hauwezi kupiga king'ora kwa nguvu ileile muda mrefu. Tenga dakika 45 hadi 60. Kaa mpaka ipungue kwa nusu hivi. Zipo siku haitapungua. Siku hiyo kaa muda wako uishe, halafu isome ile sentensi. Ulizimia? Hilo ndilo unalokwenda kujifunza, na kwa maoni yetu lina uzito kuliko alama zenyewe. Rudia hatua ileile siku nne au tano kwa wiki. Ukiona siku mbili mfululizo unaanza ukiwa chini ya 30, panda inayofuata.

Kuhusu basi linalosubiri zamu: konda atakuuliza unakwenda wapi. Mwambie ukweli kwa maneno machache, umwachie ya soda. Makonda wameona mengi.

Wengi wanaoshindwa njia hii hushindwa kwa kushuka hofu ikiwa kileleni. Nafuu wanayoipata pale chini ni tamu mno, na mwili unaandika kwamba kilichowaokoa ni kushuka. Ikikutokea usijilaumu, rudi kesho yake kwa hatua iliyo chini kidogo. Wengine huharibiwa na hirizi ndogondogo: kufumba macho safari nzima, kuziba masikio kwa muziki, kukaa nyuma ya dereva ili umsaidie kukanyaga breki za hewani, kubeba kidonge mfukoni "kwa lolote". Safari ikiisha salama, sifa yote inakwenda kwa hirizi. Mkanda wa siti si hirizi, ufunge. Kuchagua basi la mchana na kumwambia dereva apunguze mwendo nako si ugonjwa. Hofu ya dereva anayekimbiza gari ni akili timamu, na hatutaki ikuondoke. Na wapo wanaojaribu mara moja, wakapumzika wiki mbili. Hao hukuta hofu imerudi yote, wakasema dawa haifanyi kazi.

Ukizidiwa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6 kama anayepoza uji, kwa dakika tatu hadi tano. Polepole, bila kujaza kifua. Anayehema kwa nguvu na kwa haraka hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi mno, midomo na vidole vikaanza kuchonyota, kichwa kikawa chepesi, akaamini kwamba anakufa. Picha za ajali zikikuteka, macho yawe wazi. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona Msamvu leo: muuza karanga, bango, ndoo ya njano, endelea. Gusa chuma cha siti, sikia ubaridi wake. Sema tarehe ya leo. Ukifikia hatua ya kutojua uko wapi, au ukaanza kuwaza kwamba heri ungekufa wewe, usiendelee peke yako. Nenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Ndoto ya saa nane

*Wezi walituvunjia mlango usiku, wakamfunga mume wangu kamba na kuniwekea panga shingoni. Ni miezi mitatu sasa. Kila usiku mnamo saa nane naliota panga lile, naamka nikipiga mayowe, kisha nakagua milango hadi alfajiri. Jirani alinipa tembe za usingizi, siku hizi nazinunua mwenyewe. Mbili hazitoshi tena. — Mama, Likoni*

Pole, mama. Tembe kwanza. Kama ni diazepam au dawa za ukoo wake, "mbili hazitoshi" maana yake mwili umeshazizoea. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa hizo zisitumiwe kutuliza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, na hata baada ya hapo hazitibu kiwewe. Zinakizimisha usiku kiamke nawe asubuhi. Lakini usizikatize leo. Aliyezizoea akiziacha ghafla anaweza kupata degedege. Nenda kwa daktari na pakiti yenyewe mkononi, umweleze unakunywa ngapi na tangu lini, naye atazipunguza kidogo kidogo.

Ndoto inafanyiwa kazi mchana, mbali na kitanda. Iandike kwa sentensi sita au nane kama inavyokuja. Kisha iandike upya, ukibadilisha popote unapotaka. Panga linageuka mwiko wa pilau. Mlango unafunguka, anayeingia ni mama yako na sinia la mahamri. Si lazima iwe jambo linalowezekana. Ndoto haina hakimu. Ukishaipata unayoipenda, kila siku keti dakika 10 hadi 15, fumba macho, uipitie ile mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiona rangi na kunusa iliki. Ile ya zamani usiirudie. Fanya hivyo wiki tatu au nne kabla ya kusema haisaidii. Anayebadilisha hadithi kila siku hapati kitu, kwa sababu ubongo haupewi nafasi ya kuikariri hata moja.

Milango ikaguliwe mara moja tu, wewe na mume pamoja, tuseme saa nne usiku. Andika kwenye karatasi "imefungwa, saa nne na dakika tano" uibandike hapohapo. Ukiamka saa nane, soma karatasi, usiguse komeo. Kila ukaguzi wa ziada unauambia ubongo kwamba wezi wako njiani. Bila shaka komeo lililovunjwa litengenezwe kwanza. Hakuna tiba ya kisaikolojia ya mlango usiofungika.

Ukikaa kitandani macho makavu kwa muda unaokisia kuwa dakika 20, inuka, keti kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Saa ya ukutani igeuzwe. Asubuhi amka wakati uleule hata kama umepata usingizi wa saa tatu tu, na usiulipie usingizi mchana. Kahawa tungu iwe ya asubuhi: kikombe cha saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini saa tatu usiku.

Na mume wako? Aliyefungwa kamba ni yeye, na barua nzima haikusema analalaje. Muulize. Kenya simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, hailipishwi, na mnaweza kuipiga pamoja.

Tumkalishe kitako aseme?

*Assalaam alaykum. Mdogo wangu amerejea wiki iliyopita kutoka Oman alikokuwa akifanya kazi za ndani. Amekonda, hasemi, na usiku hulala chini mbele ya mlango. Bibi anataka tumkalishe kitako atoe yote ya moyoni apate wepesi. Tufanye hivyo? — Dada mkubwa, Unguja*

Waalaykumu salaam, dada. Hapana, msimkalishe. Zamani hata wataalamu waliamini kwamba aliyepatwa na jambo zito akisimulia yote mapema, kwa kikao kimoja, atakingika na kiwewe. Ilipochunguzwa ikaonekana haikingi, na kwa baadhi ya watu hali ilizidi. Bibi ana haki kwa jambo moja: asiachwe mpweke.

Kama alifungiwa na mlango ukawa wa mtu mwingine, kulala mbele ya mlango kuna maana yake. Msimwondoe. Mpeni chumba chenye ufunguo na ufunguo ukae mkononi mwake. Aliyeishi akiamrishwa hupona kwa kurudishiwa uamuzi, hata mdogo: chai au uji, kuoga sasa au baadaye, nani aingie kumwona na nani asubiri. Mwambieni mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Nipo. Ukitaka kusema nitasikiliza, na usipotaka ni sawa." Basi. Akianza, sikilizeni bila kudadisi. "Wenzako mbona walivumilia" isisemwe ndani ya nyumba hiyo, wala "shukuru umerudi mzima". Na jamaa waliokuwa wakisubiri zawadi wazuiwe; swali la mshahara siku ya pili huumiza kuliko wanavyodhani. Pasipoti, mkataba na ujumbe wa simu vitunzwe, msifute kitu.

Mpeleke akapimwe. Kama aliingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Muda huo ukiwa umepita bado aende, kwa sababu maambukizi mengine yanatibika na vipimo hurudiwa. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo hospitali ya Mnazi Mmoja kinatoa matibabu na ushauri mahali pamoja, ili asilazimike kusimulia kwenye kila dirisha.

Akikataa chakula na maji, akisikia sauti msizozisikia, au akisema amechoka kuishi, msingoje. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali halipandi wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata chooni, sumu ya panya na dawa zote zitoke nyumbani, na apelekwe hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu siku hiyohiyo.

Wanasema ni jini

*Nimeambiwa hali yangu ni jini, nisomewe na niache kliniki. — Msomaji, Tanga*

Kisomo na kliniki si wake wenza, vinakaa nyumba moja bila ugomvi. Kama dua inakutuliza, endelea nayo, na dawa zako endelea nazo. Ondoka mahali popote utakapotakiwa kufungwa minyororo, kupigwa, kuvuta moshi hadi kukohoa, kushinda na njaa kwa siku kadhaa, au kuacha dawa "ili jini lisikasirike". Anayekutakia kupona hana sababu ya kuogopa daktari wako.

Kamba, mawe na maua

*Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kambi ya Nyarugusu. Nimesikia kuna tiba ya kiwewe inayotumia kamba na mawe. Inafanyikaje, na sisi tusio wanasaikolojia tunaweza? — Mhudumu, Kasulu*

Ngazi tuliyomweleza kaka wa Morogoro inafaa tukio moja. Mnaowahudumia wengi wamepitia matukio kumi, kutoka Kivu au Burundi hadi kambini, na yamechanganyika kichwani bila tarehe wala mpangilio. Tiba unayoiulizia iliundwa kwa ajili ya watu kama hao na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na matokeo yakachapishwa 2008. Watoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kwa wiki chache na kusimamiwa kwa karibu. Kwa hiyo ndiyo, mnaweza, ila kwa mafunzo na msimamizi. Barua hii haitoshi kuwa leseni.

Kikao cha kwanza: kamba ya mita mbili au tatu hutandazwa sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa. Mwisho wake huachwa umezungushwa, kwa sababu maisha hayajaisha. Mhusika anaweka ua pale palipokuwa na jema, ndoa, shule, mtoto wa kwanza. Anaweka jiwe palipokuwa na baya, kubwa au dogo kwa kadiri ya uzito. Kila kimoja hupewa jina, mahali na umri wake, basi. "Hili ni la nyumba kuungua, nilikuwa na miaka kumi na mbili." Hadithi yenyewe bado. Mhudumu asiyejua hukosea hapa: akiona jiwe kubwa anauliza "ilikuwaje?", na mtu anazama kwenye jiwe la sita wakati la kwanza halijaguswa. Kamba imalizwe yote siku hiyohiyo.

Vikao vinavyofuata, kila kimoja dakika 90 hivi, maisha husimuliwa kwa mpangilio. Kwenye maua mnapita kwa mwendo wa kawaida. Kwenye jiwe mnapunguza kabisa: uliona nini, ukasikia nini, harufu gani, mwili ulifanyaje, uliwaza nini. Mara kwa mara unamrudisha leo: "Mikono ilikuwa inatetemeka wakati ule. Sasa hivi ikoje? Sasa tuko wapi?" Hapo ndipo tiba ilipo, katika kushona lile la zamani kwenye mahali pake na tarehe yake. Usifunge kikao akiwa katikati ya moto. Sogeza simulizi hadi tukio lilipoishia na mahali alipopata usalama, hata kama muda umekwisha na foleni nje inanung'unika.

Kila baada ya kikao unaandika alichosema. Kinachofuata huanza kwa kumsomea, naye anasahihisha. Usianze na mtu ambaye bado anapigwa nyumbani leo. Huyo anahitaji ulinzi kwanza, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kumwona. Wala usifanye kamba kwa kikundi, watu wakasikia mawe ya wenzao kwenye kambi ambayo majirani walitoka pande zilizokuwa zikipigana.

Kikao cha mwisho simulizi yote husomwa, kisha karatasi anapewa mwenyewe. Nakala haibaki ofisini bila ruhusa yake. Baadhi huiomba ifungwe kwenye bahasha na kuandikwa jina la mtoto, aifungue akikua.